Nyumba Moja, Wapangaji Wanaobadilika: Haki Inaanzia Kwenye Mkataba

MAKALA

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, nyumba za kupanga zilizo jirani na kampasi hubadilisha wakazi wake kwa kasi. Katika mitaa ya Changanyikeni, Msewe na Mabibo jijini Dar es Salaam, vijana watatu au wanne huchanga fedha na kukodi nyumba moja. Mwaka wa masomo ukiisha, mmoja huhitimu, mwingine hupata nafasi bwenini, na vyumba vyao huchukuliwa na wengine. Jijini Dodoma, tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, wapo watumishi ambao familia zao zilibaki mikoa mingine na ambao huchangia nyumba moja, na uhamisho wa mmoja humleta mwenzake. Mafundi, wauguzi na wafanyabiashara wadogo wanaoanza maisha mijini nao huishi kwa utaratibu huo huo.

Utaratibu huu una manufaa yake, kwani humwezesha mwenye kipato kidogo kuishi karibu na chuo au kazi. Tatizo lake ni kwamba watu hubadilika ilhali mkataba unabaki ulivyokuwa. Jina la aliyekwishaondoka bado limo kwenye karatasi, na anayelala ndani ya nyumba hana karatasi yoyote. Siku mwenye nyumba anapodai pango lililochelewa, anapotaka nyumba yake, au fedha ya dhamana inapopaswa kurejeshwa, ndipo huulizwa swali ambalo lilipaswa kujibiwa mapema: mpangaji hasa ni nani?

Makala haya yanachambua swali hilo kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara. Ardhi si miongoni mwa mambo ya Muungano, hivyo Zanzibar ina sheria zake kuhusu upangishaji.

Msingi wa sheria

Kwa miaka mingi uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji ulisimamiwa na sheria maalumu ya udhibiti wa pango, ya mwisho ikiwa ile ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu wakati huo kiwango cha pango na masharti mengi ya kuishi vimeachwa kwa makubaliano ya pande mbili, yakiongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hakuna kati ya sheria hizo inayomtaja kwa jina mtu anayeishi chumba cha pili katika nyumba iliyokodiwa na mwenzake. Hadhi yake hutokana na kile alichokubaliana, na na nani.

Hata hivyo, Sheria ya Ardhi haikumwacha mpangaji mikono mitupu. Yapo masharti ambayo huhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba hata kama hayakuandikwa. Mwenye nyumba anatakiwa kumwacha mpangaji aishi kwa utulivu bila kumwingilia, mradi analipa pango na kutimiza wajibu wake. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, matengenezo ya paa, kuta kuu, mifereji mikuu, njia za pamoja na mifumo inayotumiwa na wote ni juu yake. Sharti hili lina uzito mkubwa katika nyumba ya kuchangia. Choo cha pamoja kikiziba kwa sababu bomba kuu limechakaa, wapangaji hawapaswi kuchangishana kulibadilisha kana kwamba ni lao.

Kwa upande wake, mpangaji anatakiwa kulipa pango kwa wakati, kuitunza nyumba, kumruhusu mwenye nyumba kuikagua kwa muda unaofaa, na kutomkabidhi mtu mwingine nyumba au sehemu yake bila ridhaa ya mwenye nyumba. Ridhaa hiyo nayo ina mipaka: ikiombwa ipasavyo, mwenye nyumba hapaswi kuinyima bila sababu ya msingi.

Sheria pia inatambua makubaliano ya mdomo kwa upangaji wa muda mfupi usiozidi mwaka mmoja. Kwa hiyo, si kweli kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana haki yoyote. Ugumu wake upo kwenye ushahidi: kila jambo analodai atalazimika kulithibitisha kwa njia nyingine.

Aina tatu za kuchangia nyumba

Wananchi wengi husema “tunaishi pamoja” bila kutofautisha namna walivyoingia katika nyumba hiyo. Kwa macho ya sheria kuna hali tatu, na kila moja ina matokeo yake.

Hali ya kwanza ni pale kila mkazi anapokodi chumba chake moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kama ilivyozoeleka katika nyumba za vyumba vingi zenye ukumbi, uani na choo vya pamoja. Hapa kila mmoja ana mkataba wake. Deni la chumba cha jirani halimhusu, na jirani akiondoka, mkataba wake hautikisiki. Hasara yake ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayechagua atakayeingia katika chumba kilichobaki wazi, na aliyepo hana kura ya kumkataa. Anachoweza kudai ni utulivu. Ikiwa mgeni huyo anamsumbua, anaingia chumbani mwake au anahatarisha usalama wake, anayo haki ya kumtaka mwenye nyumba achukue hatua. Makosa ya jinai, kama vitisho, wizi au udhalilishaji, hupelekwa Polisi bila kusubiri usuluhishi wa nyumba.

Hali ya pili ni pale wote wanapotia saini mkataba mmoja kwa nyumba nzima. Hawa ni wapangaji wa pamoja. Kila mmoja ana haki ya kuishi katika nyumba hiyo sawa na wenzake, na hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake au kumwingiza mtu mpya kwa uamuzi wake pekee. Lakini wajibu nao ni wa pamoja. Sheria ya Mikataba inaeleza kwamba watu wanapotoa ahadi kwa pamoja, na mkataba usiposema vinginevyo, anayewadai anaweza kumdai yeyote kati yao kiasi chote. Aliyelipa ana haki ya kuwadai wenzake mchango wao kwa usawa.

Hali ya tatu ndiyo iliyoenea zaidi kwa vijana na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mmoja hutia saini kwa jina lake, kisha huwakaribisha wengine wamchangie. Kwa mwenye nyumba, mpangaji ni huyo mmoja. Waliobaki wana makubaliano naye tu, na mara nyingi ni ya mdomo. Mkataba wake ukikoma, kwa kawaida haki yao ya kuwamo ndani ya nyumba hukoma nayo, hata kama wamemlipa yeye pango la miezi mitatu ijayo. Ikiwa aliwaingiza bila ridhaa ya mwenye nyumba, yeye mwenyewe anaweza kuhesabiwa kuwa amevunja mkataba, na wote wakajikuta matatani kwa pamoja.

Kuondoka nyumbani si kuondoka kwenye mkataba

Tuchukue mfano. Wapangaji watatu wanatia saini mkataba wa mwaka mmoja wa nyumba yenye pango la shilingi 450,000 kwa mwezi, linalolipwa kila baada ya miezi sita. Awamu ya kwanza ni shilingi 2,700,000, yaani kila mmoja shilingi 900,000. Baada ya miezi miwili, mpangaji wa tatu anapata kazi mkoa mwingine. Anamtafuta mtu wa nne, anapokea kwake shilingi 600,000 za miezi minne iliyobaki, anamkabidhi ufunguo na kuondoka. Wote wanne wanaridhika. Mwenye nyumba hakuulizwa.

Awamu ya pili inapofika, mtu wa nne anashindwa kutoa sehemu yake. Mwenye nyumba anapokea shilingi 1,800,000 badala ya 2,700,000. Kisheria anaweza kumdai shilingi 900,000 zilizobaki yeyote kati ya watatu waliotia saini, akiwemo yule aliyekwishahama. Wa kwanza akizilipa ili nyumba isipotee, anayeweza kumdai ni wa tatu, kwa kuwa ndiye mwenzake katika mkataba. Wa tatu naye atabaki kumdai wa nne kwa makubaliano ya mdomo yaliyofanyika mlangoni siku ya kukabidhiana ufunguo. Na huyo wa nne, ambaye kweli aliishi humo na kweli alilipa shilingi 600,000, hana hata hati moja ya kumwonesha mwenye nyumba kuwa yeye ni mpangaji.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya mwanzoni mwa mfano huu. Kilichokosekana ni hatua moja ambayo Sheria ya Mikataba imeiruhusu wazi: pande zote kukubaliana kuuondoa mkataba wa zamani na kuweka mpya mahali pake. Hatua hiyo inahitaji ridhaa ya mwenye nyumba, ya wanaobaki, ya anayeondoka na ya anayeingia. Bila ridhaa ya mwenye nyumba, anayeondoka anabaki kuwa mdaiwa, na anayeingia anabaki kuwa mgeni wa wenzake.

Hati ya mabadiliko haihitaji kurasa nyingi. Itaje tarehe, majina ya anayetoka na anayeingia pamoja na namba zao za vitambulisho. Ieleze pango limelipwa hadi tarehe gani na nani alilipa kiasi gani, na hali ya chumba na vifaa siku ya makabidhiano. Iseme fedha ya dhamana iko mikononi mwa nani na itarejeshwa kwa nani. Iwe na kauli ya mwenye nyumba kwamba anamtambua mpangaji mpya na kwamba anayeondoka hatadaiwa lolote litakalotokea baada ya tarehe hiyo. Wote watie saini, na kila mmoja abaki na nakala.

Fedha ya dhamana inastahili kutajwa kipekee, kwa kuwa ndiyo chanzo cha migogoro mingi ya kuagana. Si jambo geni mpangaji anayeingia kumlipa anayeondoka kiasi cha dhamana, huku mwenye nyumba akiwa hana habari. Mwaka ukiisha, mwenye nyumba hukata gharama za mlango uliovunjika kabla mpangaji huyo hajafika. Picha za chumba zilizopigwa siku ya kuingia, zikiambatana na orodha fupi iliyosainiwa, zinaweza kumaliza ubishi wa namna hiyo kwa dakika chache.

Malipo yanayofanyika kwa simu nayo ni kinga kubwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Ujumbe wa muamala unaoonesha tarehe, kiasi na jina la mpokeaji unafaa kuhifadhiwa, sambamba na ujumbe wa mazungumzo yaliyotangulia malipo. Mkataba wa maandishi nao ulipiwe ushuru wa stempu pale sheria inapotaka, kwa sababu hati isiyolipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipwe.

Umeme, maji na kodi ya jengo

Nyumba nyingi za kuchangia zina mita moja ya LUKU na dira moja ya maji. Anayeondoka huacha uniti alizolipia au bili ambayo haijalipwa, na anayeingia hurithi faida au deni bila kujua. Njia rahisi ni kusoma mita zote siku ya makabidhiano na kuandika namba hizo kwenye hati ya mabadiliko.

Lipo pia suala la kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Utaratibu huo ulipoanza, makato yalikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mmiliki wa jengo. Serikali ilifafanua wakati huo kwamba mpangaji anayekatwa akubaliane na mwenye nyumba namna ya kurejeshewa, kwa mfano kwa kupunguza kiasi hicho kwenye pango. Katika nyumba ya watu wanaobadilika, makato humwangukia yeyote aliyetangulia kununua umeme mwezi huo. Ni haki yake kuweka risiti na kuwasilisha hesabu, na ni vyema mkataba useme mapema hesabu hiyo itafanywaje.

Kutolewa ndani ya nyumba

Mpangaji ambaye mkataba wake hautaji muda wala notisi huhesabiwa kuwa wa kipindi kwa kipindi, kulingana na namna anavyolipa pango. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na upande wowote unaotaka kuusitisha upangaji huo unapaswa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Anayedaiwa pango naye anastahili kupewa notisi kabla mkataba wake haujasitishwa, na anaweza kuomba nafuu mbele ya chombo kinachosikiliza shauri.

Kubadili kufuli mpangaji akiwa kazini, kung’oa mlango au bati, kukata umeme ili ahame mwenyewe, au kutupa vyombo nje si njia za kisheria za kurejesha nyumba. Mwenye nyumba anayezitumia anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa fidia, hata kama kweli alikuwa na deni la kudai.

Kanuni hiyo inawahusu pia wapangaji wao kwa wao. Anayechelewesha mchango wake hapotezi heshima ya maskani yake, ambayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano inailinda katika Ibara ya 16. Wenzake wanaweza kumdai, wanaweza kuomba aondoke kwa utaratibu, lakini hawana mamlaka ya kumfungia nje wala kushikilia kompyuta, vyeti au vitanda vyake mpaka alipe.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, na ikibidi yafanyike mbele ya viongozi wa Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti au Mtendaji wa Mtaa hana mamlaka ya kutoa hukumu, lakini kumbukumbu ya kikao chake husaidia baadaye. Ndiyo maana ni muhimu kila mkazi mpya ajitambulishe ofisini hapo anapohamia, badala ya kusubiri siku anapohitaji barua.

Mgogoro unaohusu haki ya kukaa katika nyumba hupelekwa Baraza la Kata. Kwa marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2021, baraza hilo sasa linasuluhisha, na haliamui tena mashauri ya ardhi. Likishindwa kuwapatanisha wahusika, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na shauri huweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Wilaya bila hati hiyo. Deni la fedha tupu kati ya wapangaji wenza, kama mchango wa pango au dhamana ambayo haikurejeshwa, ni dai la kawaida la madai linaloweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria walio katika jamii. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imelenga kuwafikishia wananchi huduma hizo karibu na walipo.

Pengo linalohitaji kuzibwa

Mjadala kuhusu sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji umeibuka mara kadhaa, hasa kuhusu desturi ya kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Desturi hiyo inahusiana moja kwa moja na suala hili. Mpangaji aliyekwishalipa miezi sita hawezi kuondoka bila kumtafuta mtu wa kumrudishia fedha zake, na haraka ya kumpata ndiyo humfanya akabidhi ufunguo kabla ya kukabidhi mkataba. Pango la mwezi kwa mwezi lingepunguza haraka hiyo.

Sheria yoyote itakayotungwa inafaa imtambue pia mpangaji mwenza: namna anavyoingia, anavyotoka, na mahali dhamana yake inapohifadhiwa. Kabla ya hapo, halmashauri zinaweza kuandaa nakala rahisi ya hati ya mabadiliko ya wapangaji na kuiweka katika ofisi za mitaa, ili mwananchi asilazimike kuitunga upya kila mara.

Wenye nyumba nao wananufaika na utaratibu huo. Anayejua kwa majina walio ndani ya nyumba yake anajua wa kumdai, wa kumpa notisi, na wa kuulizwa pale vyombo vya ulinzi vinapohitaji taarifa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wapangaji wanaopokezana vyumba, daftari hilo ni karatasi moja yenye tarehe na saini za wote, na wakati wa kuiandika ni kabla ufunguo haujabadilisha mikono.